Kutoka Mwanga, Kigoma, Hadi Guangzhou ni Saa Ngapi?

Wateja wanaofika katika ofisi yangu ndogo ya tiketi hapa Mwanga, mjini Kigoma, wakiwa na safari ya nje ya nchi, huuliza mambo mawili kwa pamoja: ni kilomita ngapi, na ni saa ngapi angani. Wengi wao ni wafanyabiashara wanaofuata viatu, mabegi na vipuri vya pikipiki huko Guangzhou, China, na wengine ni ndugu wanaompeleka mgonjwa India. Jibu ninalowapa ni refu kuliko lile la kompyuta, kwa sababu njia ya Guangzhou nimeisafiri mwenyewe nikimsindikiza dada yangu anayeuza viatu, na kwa sababu wateja wanaorudi kwangu na manung'uniko ni nadra kulalamikia nauli. Wanalalamikia saa: saa zilizopotea, saa zilizosomwa vibaya, na saa ambazo hakuna aliyewaambia kwamba zipo.

Kilomita ni rahisi kuzieleza, kwa hiyo nitaanza nazo. Namba inayotokea kwenye simu pale mtu anapoandika majina ya miji miwili ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote uliolazwa juu ya mviringo wa dunia, pasipo kujali milima, mipaka ya nchi wala mahali palipojengwa viwanja vya ndege. Kwa kipimo hicho, Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kilomita 8,700 hivi, na Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,080 hivi. Reli ya Kati, ambayo lazima ipite Tabora, Dodoma na Morogoro, ina kilomita 1,254 kutoka Dar es Salaam hadi stesheni yetu iliyo kando ya ziwa. Kwa mteja anayezitilia shaka namba hizo nina tufe la dunia juu ya meza, lenye kipenyo cha sentimita 30, la aina ile ile inayotumika shuleni. Humpa uzi, akashika ncha moja Dar es Salaam na nyingine Guangzhou, akauvuta mpaka ukakaza, kisha tukaupima kwa rula: sentimita 20 na nusu. Mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 hivi, mzunguko wa tufe ni sentimita 94, kwa hiyo kila sentimita ya uzi hubeba kilomita 425, na hesabu hutoka pale pale. Kinachowashangaza wengi ni njia ambayo uzi huifuata, kwani huvuka Bahari ya Hindi, hukata kusini mwa India karibu na Chennai, kisha huvuka Ghuba ya Bengali. Mzee mmoja aliyewahi kumpeleka mkewe Chennai kwa matibabu aliutazama uzi huo, akasema, "Kumbe siku ile nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya China." Alikuwa amepita hata nusu.

Saa za angani nazo hazina siri kubwa. Ndege kubwa ya masafa marefu kama Boeing 787 husafiri kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa ikishafika juu, na kilomita 8,700 zikigawanywa kwa mwendo huo zinatoa saa 9 na dakika 40. Hapo huongezwa muda wa kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua, kwa sababu muda unaoandikwa kwenye ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na kuishia inapoegeshwa tena, wala hauanzi magurudumu yanapoiacha ardhi. Ndiyo maana mtu asishangae kuona saa kumi na nusu mahali ambapo hesabu yake ilimpa pungufu. Upepo nao una sehemu yake. Katika anga za juu za kaskazini kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndiyo inayofanya ndege za kutoka London kwenda New York, umbali wa kilomita 5,500 hivi, zitumie karibu saa nane kwenda na karibu saa saba kurudi. Njia ya China huukuta upepo huo kuelekea mwisho wake, kwa hiyo mara nyingi kurudi Afrika huchukua muda mrefu kidogo kuliko kwenda.

Kwa safari fupi, mwendo wa ndege hauna uzito ambao watu huupa. Huja mteja akiwa na wasiwasi, akiniuliza kama ndege ya kwenda Dar es Salaam ni ya pangaboi au ni ya jeti, kana kwamba moja itamfikisha asubuhi na nyingine jioni. Ya pangaboi hukaribia kilomita 650 kwa saa, ya jeti hupita 800, na kwa kilomita 1,080 tofauti hiyo huzaa dakika ishirini na kitu tu. Dakika hizo humezwa na foleni ya kusubiri mabegi.

Lakini saa za angani ni sehemu ndogo ya safari ya mtu wa Kigoma, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaouza tiketi kwa kusoma namba peke yake. Tukio la dada yangu litaeleza vizuri. Safari ile alichagua kwenda Dar es Salaam kwa treni, kwa kuwa alikuwa na mizigo ya watu: madumu ya mawese ya kumpelekea shangazi yetu anayeishi Mbagala, na mfuko wa dagaa uliofungwa nailoni mara tatu ili harufu isitoke, ambao ulikusudiwa kufika Guangzhou kwa rafiki zake wa biashara. Tulilala ndani ya treni usiku wa kwanza tukaamkia nyika za Tabora, tukalala tena, na tulipofika Dar es Salaam miguu ilikuwa imevimba na kichwa kinaendelea kusikia magurudumu. Tulikuwa tumetumia sehemu kubwa ya siku mbili kumaliza kilomita 1,254, ilhali kilomita 8,700 zilizobaki zilikuwa zinatusubiri kwa saa kumi na nusu. Kwa maneno mengine, sehemu moja kati ya nane ya umbali ilikula sehemu kubwa mno ya muda, na hata kama tungepanda ndege kutoka Kigoma mambo yasingebadilika kiasi ambacho mtu angetarajia. Safari ya angani ingekuwa chini ya saa mbili na nusu, ndiyo, ila mtu mwenye busara hawezi kufika Dar es Salaam saa chache tu kabla ya ndege ya kimataifa. Huja siku moja kabla, akalala kwa ndugu au gesti, akafika uwanjani saa tatu kabla ya kuruka, kwa sababu dirisha la kukaguliwa tiketi hufungwa ndege ikiwa bado imesimama.

Sababu ya kulala Dar es Salaam huwa nairudia mpaka mteja achoke. Tiketi ya Kigoma hadi Dar es Salaam na tiketi ya Dar es Salaam hadi nje zikikatwa mbalimbali, kwa kampuni mbili zisizo na makubaliano, kila kampuni huhesabu abiria kwa kipande chake tu. Ndege ya kwanza ikichelewa kwa mvua au kwa hitilafu, ile ya pili haina wajibu wa kumsubiri wala kumpa nafasi nyingine bure. Zikiwa ndani ya tiketi moja mambo hugeuka, kwani anayekuuzia safari nzima ndiye anayebeba jukumu la kukufikisha, na begi nalo huandikiwa kituo cha mwisho. Nimeona kijana akipoteza safari nzima kwa kuokoa fedha kidogo kwenye tiketi mbili, na ndege yake ya Kigoma ilichelewa kwa muda usiozidi ule wa mtu kula chakula cha mchana.

Jambo ninalolieleza kwa muda mrefu kuliko yote ni kusoma saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, tiketi inaanza usiku wa manane. Kwamba 07:00 ni saa moja asubuhi na 13:00 ni saa saba mchana, wengi wanajua, ingawa mtu akiwa na haraka jicho huona saba na mdomo ukasema saba. Hatari yenyewe iko baada ya usiku wa manane, na ndege nyingi za mbali huondoka saa hizo. Mama mmoja wa Kasulu, ambaye tiketi yake ilikatwa kwingine, alikuwa anakwenda kumwona mwanawe anayesoma nje, na tiketi ilisema 00:40, tarehe 12. Alifika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam tarehe 12, saa tatu usiku, amevaa vizuri, mabegi yamefungwa kamba, na moyo umetulia kwa kuwa alijiona amewahi. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo, zaidi kidogo ya saa ishirini zilizopita. Alipokuja kwangu kuuliza kama kuna la kufanya, tulikuta kwamba kwa kutotokea uwanjani hata sehemu ya kurudi ilikuwa imefutwa, na ikabidi alipie faini na tofauti ya nauli.

Nimeona kwamba wazee wa Ujiji hawakosei hapa kama vijana wanavyokosea. Kwa hesabu yao ya zamani, usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Ukimwambia mzee kwamba ndege inaruka usiku wa tarehe 12, saa sita na dakika arobaini, atakwenda uwanjani jioni ya tarehe 11 bila kuelezwa zaidi, na atakuwa sahihi. Kijana aliyezoea kuhesabu usiku kama mkia wa mchana uliopita ndiye anayekwenda tarehe 12 jioni. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kila mteja naandika kwa kalamu maneno haya: usiku wa kuamkia tarehe fulani, uwe uwanjani tarehe iliyotangulia, saa tatu na nusu usiku. Naandika kwa herufi kubwa, tena mbele yake.

Baada ya hapo huja tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. China yote hutumia saa moja, iliyotangulia yetu kwa saa tano, wakati India imetutangulia kwa saa mbili na nusu, na nusu hiyo huwachanganya hata watu waliosoma. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali penyewe: ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, ya kufika ni ya mji wa kufikia. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam saa nne asubuhi na kufika Guangzhou saa saba na nusu usiku. Mteja anatoa, anapata saa kumi na tano na nusu, anaogopa. Kurudi, tuseme inaondoka Guangzhou saa tisa usiku na kutua Dar es Salaam saa tatu asubuhi, anapata saa sita, na anataka kujua kwa nini nisimpatie ndege hiyo ya kasi wakati wa kwenda pia. Njia ninayoipenda, ambayo haihitaji kujua tofauti ya saa kabisa, ni kujumlisha majibu hayo mawili yasiyo ya kweli na kuyagawanya kwa mbili. Saa 15 na nusu ukijumlisha na 6 ni 21 na nusu, nusu yake ni saa 10 na dakika 45, na huo ndio wastani halisi wa muda wa angani, kwa kuwa tano zilizozidi upande mmoja zimepungua upande wa pili.

Mwili hauna ujanja huo. Dada na mimi tulitua Guangzhou wakati wenyeji wamelala, lakini matumbo na macho yetu yalikuwa bado Kigoma, saa mbili na nusu usiku, muda wa kumaliza ugali na kupiga soga. Hatukupata usingizi mpaka kukakaribia kupambazuka. Asubuhi maduka ya jumla yalipofunguliwa saa tatu, kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri, na dada yangu, ambaye sokoni Mwanga hakuna anayemshinda kwa kupatana bei, alikubali bei ya pili aliyotajiwa kwa sababu alitaka kukaa chini. Tangu hapo, siku ya kwanza ananunua maji na laini ya simu tu. Viatu husubiri.

Kuhusu njia za kuunganisha, nitasema machache. Asiyepata ndege ya moja kwa moja hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Kwa Dubai, Dar es Salaam hadi pale ni kilomita 4,000 hivi, na kutoka pale hadi Guangzhou ni 5,800 hivi, yaani kilomita 1,100 zaidi ya njia iliyonyooka. Ongezeko hilo linakaribia sana umbali wa Kigoma hadi Dar es Salaam, lakini kwa ndege kubwa ni saa moja na robo tu ya ziada. Kinachorefusha safari ni kusubiri kati ya ndege na ndege, ambako kunaweza kuwa saa mbili au saa kumi na nne kwa nauli isiyotofautiana sana, na hapo ndipo ninapowashauri wateja watazame kwanza, kabla ya kuuliza aina ya ndege.

Hata ndani ya nchi yetu saa na jua havilingani, ingawa watu hawalifikirii jambo hili mpaka Ramadhani ifike. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 10, na kwa kuwa jua huchukua dakika 4 kuvuka kila nyuzi, huku kwetu huchomoza na kuzama kama dakika 38 baadaye. Ukivuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi, saa inarudi nyuma kwa saa nzima na jua halijasogea. Kwa hiyo adhana ya magharibi ikisikika redioni kutoka Dar es Salaam, mtu wa Ujiji bado ana muda mrefu wa kutazama bakuli la uji bila kuligusa.

Katika Ramadhani moja nilirudi Kigoma kwa ndege ya alasiri, na jirani yangu kitini alikuwa mzee wa Ujiji mwenye tende tatu ndani ya leso. Saa ya kufuturu ya Dar es Salaam ilipofika, abiria kadhaa walifungua maji. Mzee alitazama dirishani, akaliona jua mbele ya bawa likiwa bado na urefu wa kiganja juu ya mawingu, akaifunga leso. Ndege ilikuwa inalifukuza jua kuelekea magharibi, na ingawa jua lina mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa katika sehemu hizi za ikweta, ndege ikienda 650 hupunguza kasi ya machweo kwa zaidi ya theluthi moja. Nilimwambia hesabu hiyo kwa sauti ya chini. Akajibu, "Mwanangu, mimi nafuata jua ninaloliona." Alifuturu tukiwa tumeshatua, ndani ya jengo la abiria, na tende moja akanipa mimi.

Siku hizi swali jipya ofisini kwangu ni la reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu 2024 treni za umeme zinakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, zile za haraka zikitumia chini ya saa nne. Nikiuchukua mwendo huo na kuutandaza mpaka Kigoma napata saa kumi hadi kumi na moja, ukiweka kando vituo vya kusimama. Hizo ni sawasawa na saa za ndege kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou. Dada yangu ameshanieleza kwamba siku hiyo ikifika hatanunua kwangu tena tiketi ya ndege ya ndani, na kwamba madumu ya mawese yataongezeka.